Glavu Iliyochomwa Kabla ya Siku Zake

"Ilichomwa Ijumaa," ofisa akaniambia.

Nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha lake na barua ya hospitali katika mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umejikunja ndani ya leso kama mguu wa kuku aliyechinjwa. Nilidhani hajanielewa. Nikamwambia tena polepole: boss, mimi nimekuja kuchukua glavu, ile ya rangi ya ngozi, ulisema niko na siku kumi na nne nilete barua, leo ni ya tisa, na barua hii hapa, iko na muhuri.

Akavuta daftari kubwa, akapitisha kidole kwenye mistari, akaligeuza nione mwenyewe. Mimi nilisoma mpaka darasa la tano tu, lakini hiyo niliisoma. Imeharibiwa kwa moto. Pembeni palikuwa na sahihi ya mtu, imeburutwa kama njia ya konokono.

"Zilichomwa zote pamoja, mathe," akasema. "Kulikuwa na krimu za kujichubua, dawa za nguvu za kiume, miwani, takataka nyingi. Gari ilikuja tukasafisha stoo."

"Na siku zangu tano zilizobaki?"

"Hizo kumi na nne ni za kawaida. Lakini gari haiji kila siku."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Mtu mmoja akaguna, "Si usonge, mama, na sisi tuko na shida." Nikasonga. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, jua la Nakuru likinipiga utosini, nikalia kwa mara ya kwanza tangu Januari. Watu wakinihurumia huniuliza kuhusu ule moto wa kwanza, ule ulionila mkono. Wanafikiri hiyo ndiyo siku yangu mbaya. Mimi huwaambia, moto wa kwanza uliwashwa na walevi. Wa pili uliwashwa na serikali, mchana, wakiwa wamefunga tai.

Wa moto wa kwanza wanajulikana, na kwa kifupi niwamalize hapa. Walikuwa watatu. Mmoja ni kinyozi wa kona ya barabara yetu. Wa pili ni muuza makaa, ambaye mke wake alipojifungua nilimpelekea maziwa wiki mbili bila kumdai hata ahsante. Wa tatu sikumjua. Nimewataja kwa polisi, kwa chifu na kwa pasta, na majina yao nayaacha nje ya karatasi hii kwa sababu tu watoto wao walikuwa wakikaa dawati moja na wangu, na watoto hawakushika kiberiti. Siku ile baada ya uchaguzi, mwanzo wa mwaka wa 2008, walipowasha nyumba yangu, banda la ng'ombe likashika. Ndama alikuwa ndani. Komeo la mlango lilikuwa chuma. Nililikamata kwa mkono wa kulia, nikalivuta, likafunguka, na ngozi ya kiganja ikabaki kwenye chuma. Ndama alitoka. Baadaye wakamchukua pamoja na ng'ombe wangu wawili, basi hata huyo sikumwokoa, nilimtoa tu nje wampate kwa urahisi.

Lakini sikukaa kuandika haya kwa ajili ya hao. Nimeandika kwa sababu nina watu wa kushukuru, na mmoja wa kumuuliza swali.

Wa kwanza wa kushukuru ni sista wa mazoezi ya viungo pale hospitali. Nilikuwa nimekatwa ngozi ya paja nikapandikizwa kiganjani, nikalala Februari nzima, na waliponitoa niliona mkono umepona. Ni yeye aliyekataa. Msichana mdogo, mwembamba, sauti kama ya mwalimu mkuu.

"Haujapona," akasema. "Umefunga tu. Hii kovu sasa ndiyo inaanza kazi. Itavuta, itavuta, mpaka vidole viingie kwenye kiganja vikatae kutoka. Tunataka glavu ya kubana. Unavaa mchana na usiku mwaka mzima, unatoa ukioga tu."

"Nitapewa hapa?"

"Hapa hatuna. Nairobi walikuwa nazo, ziliisha. Tutafute."

Akanifundisha mazoezi ya kushika na kuachia, na kila nilipolia alisema, "Lia, lakini shika."

Na ilikuwa lazima nishike, maana mkono ule ndio uliokuwa kazi yangu. Kule Dundori kuna mzee mmoja mfugaji, ana ng'ombe kumi na wanane na stima haijafika kwake, kwa hivyo wanakamuliwa kwa mikono. Nilikuwa nimemkamulia zamani kabla sijapata wangu. Aliposikia yaliyonipata alikuja mpaka kambi yetu ya waliochomewa nyumba, kwenye uwanja wa maonyesho, amebeba gunia la viazi, akaniangalia mkono bila kujifanya haoni.

"Nafasi yako naishika mpaka Novemba," akaniambia. "Nyumba ya mfanyakazi iko, watoto watasoma hapo juu. Lakini mkono uje ukiwa mkono. Ng'ombe wangu unawajua."

Nawajua. Mtu ambaye hajakamua hudhani unavuta. Huvuti. Unafunga chuchu juu kwa kidole gumba na cha shahada ili maziwa yasirudi, halafu vile vingine vinafunga kwa zamu, cha kati, cha pete, na cha mwisho kile kidogo ndicho kinachosukuma maziwa nje. Ukikamua hivyo ng'ombe anacheua kwa amani. Ukimvuta kwa vidole viwili kama unachuna mboga, chuchu inachubuka, na wa Dundori atakuonyesha kwato. Kwa hivyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Vidole vitano vifunguke na kufunga kufikia Novemba, nipate kazi na paa la watoto wangu wawili, au nirudi chini ya hema.

Wa pili wa kushukuru ni mama wa duka la vitambaa. Ni Mwislamu, babu zake walitoka India, yeye mwenyewe alizaliwa Nakuru na Nakuru anaijua kuliko mimi. Duka lao linauza vitambaa na kushona yunifomu za shule, na kukata anakata mwenyewe, mkasi wake mtu mwingine hagusi. Miaka saba nilimpelekea maziwa kila asubuhi. Nilipokwenda kumsalimia na leso mkononi, hakusema pole. Alifungua leso, akaangalia, akaifunga tena vizuri, akaniambia, "Keti. Hiyo glavu inaitwaje?"

Jioni hiyo tulikwenda saiba pamoja, mimi na yeye, tukakaa kwenye komputa moja kama wanafunzi wa nasari. Alichapa kwa kidole kimoja. Akampata mama mmoja wa Kanada anayeshona glavu za watu waliochomeka, anauza kwa mtandao, anamtumia mtu yeyote popote. Mama wa duka akamwandikia. Kesho yake jibu lilikuwa limekuja, na maswali. Alitaka vipimo vya mkono wangu mahali zaidi ya ishirini, mpaka kati ya kidole na kidole. Alinipima dukani juu ya meza ya kukatia, wateja wakisubiri na vitambaa vyao.

"Mama, mnamshonea yunifomu ya mkono?" mteja mmoja akauliza.

"Ndiyo," akamjibu. "Anaingia darasa la kwanza."

Mpwa wake aliyeko Uingereza ndiye aliyelipa kwa kadi. Bei nimeuliza mara nyingi, mpaka leo kila mmoja ananiambia nimwulize mwenzake.

Nikangoja. Sista alinifunga kwa bendeji ya kuvutika wakati huo, akisema ni ya kushikilia tu. Mwishowe ikaja karatasi kwamba kuna kifurushi changu kimezuiwa, nifike ofisi fulani ya serikali hapo mjini. Kwenye karatasi kulikuwa na tarehe ya kufika kwa kifurushi. Kilikuwa kimekaa hapo wiki tatu kabla mtu hajajisumbua kuniandikia.

Yule ofisa wa dirisha alikitoa. Kilikuwa kimepasuliwa. Akaitoa glavu, akaining'iniza kwa vidole viwili. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya ngozi ya mzungu, mishono yake myembamba kama uzi wa buibui. Nilinyoosha mkono. Akairudisha nyuma.

"Hii ni kifaa cha matibabu," akasema. "Kuna agizo jipya. Muuzaji wa nje anayeuza kwa mtandao lazima awe na ajenti hapa Kenya na aandikishwe. Huyu hana."

"Ajenti wa hizi glavu ni nani, niende kwake?"

"Hakuna bado."

"Sasa nitanunua kwa nani?"

"Kwa ajenti aliyeandikishwa."

"Si umesema hakuna?"

Akacheka kidogo. Hakuwa mtu mbaya wa sura. "Mathe, hiyo sheria ni ya kukulinda wewe. Hujui hawa watu wa mtandao. Watu wameuziwa dawa za sumu."

Hapo simpingi. Najua watu waliouziwa sumu. Kama angesema wacha tuipime, tuilete kwa daktari aiangalie, ningesema sawa na ningemshukuru. Lakini alichosema ni kwamba nilete barua ya daktari inayoomba niruhusiwe, ndani ya siku kumi na nne, na wakubwa wataamua. Akaandika kwenye karatasi yangu kwa kalamu, siku 14, akapiga muhuri. Glavu akairudisha kwenye kifurushi, na mimi nikairudisha leso yangu.

Daktari wa kutia sahihi alikuwa na hospitali mbili na mguu mmoja njiani. Sista wa mazoezi alimkimbiza siku nane. Siku ya tisa nikaenda na barua, na hayo mengine nimeshayasema.

Kutoka kwenye zile ngazi nilikwenda moja kwa moja dukani. Mama wa duka alikuwa anakata sare ya shule ya kijani. Nilipomwambia, aliuweka mkasi chini, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya kitambaa kikiwa nusu.

"Wamechoma?"

"Wamechoma."

"Wewe umechomwa, halafu wamechoma na dawa yako?"

Akasema maneno ya Kigujarati ambayo sikuyaelewa na sikuhitaji kuyaelewa. Halafu akachukua mkoba, tukarudi saiba.

Yule mama wa Kanada alijibu asubuhi yake, na mama wa duka akanisomea kwa Kiswahili, akisimama kila mara kufuta miwani. Alisema ana miaka sitini na nane. Alisema ameshonea wazima-moto na watoto wachanga, na hajawahi kuambiwa kazi yake ni hatari kwa mtu. Akitutumia nyingine itachomwa kama ya kwanza, kwa hivyo hatatuma. Badala yake alikuwa ameambatanisha mchoro wake wa kukatia, ule anaokatia glavu zote, ameupanga kwa vipimo vyangu. Akaandika kwamba mchoro huo hajawahi kumpa mtu, maana ndio ugali wake, lakini tuuchukue, na fundi akikwama amwulize.

Sijawahi kumwona mama huyo na sitamwona. Kila nikifunga macho kuomba, namtaja kabla ya jamaa zangu. Serikali ilikuwa na mtu kwenye dirisha, lakini ndani ya printa ya saiba haikuwa na mtu. Mchoro ukatoka, kurasa nne, tukaubeba mikononi kama mtoto.

Ikabaki kitambaa. Kile cha kuvutika na kurudi kwa nguvu hakuna duka lililokuwa nacho, hata lake. Siku nyingi zilipotea tukitafuta. Aliyekipata ni yeye, na hutaamini wapi. Kwenye mitumba. Alikwenda kwenye marundo ya sokoni, mwanamke mwenye duka lake la barabarani, akainama na kuvuta vitu kama kila mtu, akarudi na zile suruali za ndani za kizungu za kubana tumbo, tatu.

"Vuta," akaniambia.

Nikavuta kwa kushoto. Ikarudi ikanipiga.

"Hii ndiyo," akasema. "Imezuia tumbo la mtu miaka kumi, itashindwa na kovu?"

Tulicheka mpaka wafanyakazi wake wakatoka nyuma kutazama. Lakini pia nilifikiria, na bado nafikiria. Suruali ya ndani ya mtu nisiyemjua, iliyovaliwa, imevuka bahari ndani ya marobota, hakuna aliyeuliza ajenti wake. Glavu mpya iliyoshonwa kwa jina langu ikapata moto.

Akashona. Na hapa lazima niseme kosa letu, maana mtu anayetaja makosa ya wengine na kuruka yake ni mnafiki. Mama wa duka ameshona yunifomu maisha yake yote. Na mshonaji wa yunifomu hapa kwetu huwa anaacha nafasi. Mzazi hanunui sweta ya mwaka mmoja, ananunua ya mitatu, mtoto akue ndani yake. Mkono wake umezoea hivyo, mkasi unatoka nje ya chaki wenyewe. Aliponivalisha glavu iliingia vizuri, laini, haikuniuma hata kidogo. Mimi nikambariki. Nililala nayo, nikafanya mazoezi nayo, nikasema ile ya Kanada ilikuwa ya nini.

Sista wa mazoezi alikuwa likizo. Aliporudi, baada ya wiki tatu, aliingiza kidole chake ndani ya glavu, kikazunguka.

"Hii nani ameshona?"

"Mama wa duka la vitambaa."

"Hii ni ya kwenda harusi! Mama, glavu ya kubana lazima ibane! Wiki tatu umevaa soksi!"

Akanikamata mkono mzima, akanipeleka dukani yeye mwenyewe na sare yake ya hospitali, saa ya chakula. Nilifikiri watagombana. Walisimama hapo na mchoro katikati yao, sista akaeleza, mama wa duka akasikiliza, uso umemshuka.

"Nimeacha nafasi," akasema. "Mungu wangu. Nimemwachia mkono nafasi ya kukua."

"Kovu ndilo lililokua, mama," sista akamwambia, kwa upole kuliko alivyoniambia mimi.

Mama wa duka alifungua tena duka siku hiyo baada ya kufunga, akakata upya, na wakati huu aliufuata mstari. Kuivaa ile ya pili ilinichukua nusu saa na machozi. Iliniuma miezi. Kila alipoona imelegea alinishonea nyingine, nne jumla, na kila moja aliikata akinong'ona, "Usiache, usiache," akiukemea mkono wake mwenyewe.

Kidole gumba kikafunguka. Cha shahada, cha kati. Cha pete kikaja taratibu, kikafika karibu mwisho. Kile kidogo kikakataa. Kimejilaza kwenye kiganja mpaka leo. Sista amekivuta, amekikanda, ameleta daktari wa mifupa akitazame. Waliniambia ukweli. Wiki zile za katikati, ambazo kovu lilikuwa linakua bila kubanwa, ndizo zilizokichukua.

Novemba nilipanda Dundori. Mzee mfugaji hakuniuliza kitu, alinipa ndoo na kigoda na kunionyesha ng'ombe mpole kuliko wote. Nikapaka mafuta, nikakaa. Vidole vinne vilifunga kwa zamu, na pale ambapo kidogo kilitakiwa kusukuma, kulikuwa na shimo, maziwa yakadondoka badala ya kupiga ndoo. Ng'ombe akageuza shingo kunitazama. Mzee akakohoa.

"Endelea," akasema. "Utachelewa kumaliza, lakini hujamchubua."

Nikaendelea. Nakamua wanne, wenzangu wawili wakikamua saba kila mmoja, na mzee amenipa nyumba na watoto wanasoma. Nashukuru. Nashukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Sista aliyenikemea, fundi aliyeinama kwenye mitumba, mpwa asiyetaja bei, mama wa Kanada aliyetoa ugali wake, mzee wa gunia la viazi: hao wote hawakuwa na sheria iliyowalazimisha.

Lakini kidole kina wiki zake, na nimezipanga. Wiki tatu ni zetu, mimi na mama wa duka, na tumezibeba. Yeye mara mbili ameniomba msamaha na mara mbili nimemwambia anyamaze. Wiki nane ni za ile ofisi: tatu kifurushi kilipolala bila mtu kuniandikia, moja na ushei nilipokuwa nikikimbizana na barua waliyoiagiza, na zilizobaki tulipokuwa tukitafuta namna ya kurudisha walichokichoma.

Nimekwenda kwenye dirisha lile mara nne kuuliza. Ofisa ameniambia aliagizwa na mkubwa. Mkubwa amesema orodha ililetwa na stoo. Wa stoo amesema yeye hufungua mlango tu gari likija. Siombi fidia, na siombi sheria yenu ifutwe, wakamateni wauza sumu. Nataka mtu mmoja, mwenye ile sahihi ya konokono, aseme ni yeye aliyeandika jina la kifurushi changu kwenye orodha ya moto siku zangu kumi na nne zikiwa hazijaisha. Aje Dundori saa kumi na moja asubuhi, wakati wa kukamua, akae kwenye kigoda pembeni yangu, aangalie. Halafu anieleze ni mstari upi wa agizo ulimruhusu.